Bastola ya Pili

Oktoba 1950 wakuu wa polisi wa Marekani walikusanyika Colorado Springs kwa mkutano wa chama chao. Smith & Wesson, watengenezaji bastola wa Springfield, Massachusetts, walifika hapo na kitu kidogo kisichokuwa na jina: rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ya risasi 5 tu, mtutu wake ukiwa na urefu wa inchi 2 hivi. Wakuu wakaombwa wapige kura wakitafutie jina. Wakajichagua wenyewe. Tangu siku hiyo kikaitwa Chiefs Special, bastola ya wakuu.

Wakuu hao, ukweli usemwe, hawakuwa watu wa kurushiana risasi vichochoroni. Walioitafuta kwa udi na uvumba walikuwa wapelelezi waliovaa suti na askari wa doria waliotaka kitu cha kukaa kwenye mfuko wa koti au juu ya kifundo cha mguu, mbali na bastola kubwa ya kiunoni, kwa ajili ya siku ambayo ile kubwa ingeanguka, ingeishiwa risasi au ingeporwa. Historia ya rivolva fupi ya akiba ni historia ya mambo yaliyopunguzwa: mtutu ulipunguzwa, zikafuata risasi, nyundo, na mwisho uzito. Kila kilichopunguzwa kililipiwa, na aliyelipa hakuwa kiwanda.

Wazo la kubeba silaha ya pili halikuanza na polisi. Samuel Colt alipata hataza ya rivolva yake mwaka 1836, lakini bastola zake za mwanzo zilikuwa kubwa, na kuzipakia kulihitaji kumimina baruti, kushindilia risasi na kuweka fataki, tundu moja baada ya jingine. Horace Smith na Daniel Wesson walibadilisha mambo mwaka 1857 kwa kutoa rivolva ndogo ya risasi 7, ambazo kila moja ilikuwa imekamilika ndani ya ganda lake la shaba. Risasi yenyewe ilikuwa .22, dhaifu mno, ila iliingia haraka na haikuogopa unyevu. Hataza ya Rollin White, waliyoikodi, iliwazuia washindani wao Marekani kutengeneza silinda ya namna hiyo hadi 1869. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, askari wengi walizinunua kwa pesa zao na kuzitia mifukoni, pembeni ya silaha walizopewa na jeshi.

Kilichomfaa askari kuficha kilimfaa muuaji vilevile. Julai 1881 Charles Guiteau alimpiga Rais James Garfield katika stesheni ya reli jijini Washington kwa rivolva fupi ya aina ya British Bull Dog, mtindo ulioanzishwa Uingereza na Webley. Miaka 20 baadaye, mjini Buffalo, Leon Czolgosz alipanga foleni kumpa mkono Rais William McKinley huku rivolva ya Iver Johnson ikiwa imefunikwa kwa leso. Marais wote wawili walifariki kwa majeraha yao. Tangu hapo, kila mjadala wa bastola ndogo nchini Marekani umekuwa na pande mbili, na hakuna fundi aliyewahi kubuni bastola inayomjua mwenye nia njema.

Mwaka 1887 Smith & Wesson walitoa rivolva ambayo nyundo yake ilizikwa ndani ya fremu, pamoja na kibonyezo nyuma ya mpini ambacho kisipobanwa na kiganja bastola haifyatui. Inasimuliwa kwamba Daniel Wesson aliibuni baada ya kusikia habari za mtoto aliyejeruhiwa na bastola ya nyumbani. Hadithi hiyo iliwafaa sana wauzaji, kwa hiyo isipewe uzito kuliko inavyostahili. La uhakika ni kwamba bastola hiyo iliundwa hadi karibu Vita Kuu ya Pili, kwa sababu iliondoa kero moja kubwa: nyundo ya nje hunasa kwenye bitana ya mfuko wakati mtu anaichomoa kwa pupa.

Polisi wenyewe walikuwa bado hawajapanga mambo yao. Jijini New York kila askari alibeba anachokijua hadi Theodore Roosevelt, yule aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda Afrika Mashariki, alipokuwa mkuu wa bodi ya polisi ya jiji. Mwaka 1896 bodi yake iliagiza kwamba wote wabebe aina moja, Colt ya .32 iitwayo New Police, na wafundishwe kulenga shabaha. Sare moja, bastola moja, kiunoni. Lakini mpelelezi asiye na sare angeficha wapi mtutu wa inchi 4?

Jibu lilitoka kwa mtu mmoja mnene na mchangamfu, John Henry Fitzgerald, ambaye kila mtu alimwita Fitz. Aliajiriwa na Colt mwaka 1918, akawa akizunguka nchi nzima kuwaonyesha polisi namna ya kupiga bastola na kusikiliza malalamiko yao. Aliporudi kiwandani Hartford, Connecticut, alichukua rivolva kubwa na kuzikatakata: mtutu ukabaki inchi 2, mkia wa nyundo ukaondolewa, mpini ukafupishwa. Akaenda mbali zaidi na kukata sehemu ya mbele ya kile kipete cha chuma kinachozunguka kifyatulio, ili kidole kiingie bila kuhangaika. Yeye mwenyewe alitembea na mbili za .45 ndani ya mifuko ya suruali iliyoshonewa ngozi. Hapa ndipo mbunifu alipozidisha chumvi. Kifyatulio kisicho na kinga ndani ya mfuko ni hatari kwa mguu wa mwenyewe, na Colt walilijua hilo. Bastola za Fitz zilibaki chache, za marafiki na wateja maalumu.

Hata hivyo kiwanda kilichukua nusu ya wazo lake. Mwaka 1927 Colt walitoa Detective Special, yenye mtutu wa inchi 2, kipete kizima, na risasi 6 za .38 Special, zilezile za bastola kubwa ya askari wa kawaida. Hilo la mwisho ndilo lililoifanya iuzike. Mpelelezi hakuhitaji tena kuchagua kati ya bastola ndogo yenye risasi hafifu na bastola ya maana isiyofichika. Kwa takriban miaka 60 haikuacha kutengenezwa, na kwa watazamaji wa sinema za wapelelezi wa miaka ya 1940, hata wale wa Mombasa na Dar es Salaam walioziona miaka mingi baadaye, umbo la rivolva yenye pua fupi likawa ndilo umbo la bastola.

Smith & Wesson hawakuwa na la kujibu kwa zaidi ya miaka 20. Fremu yao ndogo ilikuwa fupi, risasi ya .38 Special haikuenea ndani ya silinda yake. Kilichofanyika mwaka 1950 ni kuirefusha kidogo fremu hiyo, ikapata jina la J, kisha kutoboa silinda matundu 5 badala ya 6. Kupoteza risasi 1 kuliifanya silinda iwe nyembamba kwa milimita chache tu kuliko ya Colt. Mtu asiyewahi kubeba bastola ndani ya suruali kwa saa 10 mfululizo ataona milimita hizo ni porojo. Waliobeba waliamua vinginevyo, maana mwisho wa mashindano hayo unajulikana: Colt walisimamisha Detective Special mwaka 1986, wakairudisha kwa muda mfupi miaka ya 1990, wakaiacha tena. Fremu ya J haijasimama hadi leo.

Uzito ulifuata. Chiefs Special ya chuma ilikuwa na gramu 550 hivi. Jeshi la Anga la Marekani lilitaka rivolva nyepesi zaidi kwa marubani, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni zote mbili zikatengeneza za alumini, fremu na silinda pia. Alumini haikuhimili. Silinda zilipasuka hata baada ya jeshi kuagiza risasi maalumu zenye nguvu ndogo, na mwishowe karibu bastola zote hizo ziliharibiwa kwa amri ya jeshi lenyewe. Viwanda vikajifunza: fremu ya alumini, sawa, silinda ibaki chuma. Kwa mchanganyiko huo fremu ya J ilishuka hadi gramu 400 na ushee. Mwaka 1965 likaja jingine lililowagusa zaidi waliovaa bastola mwilini wakati wa joto. Model 60 ilikuwa rivolva ya kwanza ya chuma kisichoshika kutu, na kwa bastola inayolala kwenye jasho la mguu kila siku, kutu haikuwa jambo la urembo.

Nyundo nayo ilishughulikiwa upya. Mwaka 1952, Smith & Wesson wakihesabu karne moja tangu Smith na Wesson waungane, walitoa Centennial, iliyoficha nyundo kabisa kama ile ya 1887. Mwaka 1955 wakaongeza Bodyguard, ambayo nyundo yake imezungukwa na kuta mbili za fremu na kuacha ncha ndogo tu kwa juu. Colt tayari walikuwa na rivolva nyepesi yenye fremu ya alumini, Cobra ya mwaka 1950.

Kuna picha mbili ambazo ziliipa rivolva fupi umaarufu ambao kampuni hazikuuomba. Novemba 24, 1963, katika chumba cha chini cha makao ya polisi ya Dallas, Jack Ruby alijitokeza katikati ya waandishi na kumpiga Lee Harvey Oswald, mtuhumiwa wa mauaji ya rais wa Marekani, kwa Colt Cobra. Mpiga picha Robert Jackson akanasa sekunde hiyohiyo. Februari 1, 1968, mtaani Saigon, Eddie Adams alimpiga picha mkuu wa polisi wa Vietnam Kusini, Nguyen Ngoc Loan, akimuua mateka aliyefungwa mikono. Iliyo mkononi mwake ni Bodyguard ya Smith & Wesson. Picha zote mbili zilipata tuzo ya Pulitzer. Katika zote mbili, aliyepigwa hakuwa na silaha.

Hoja ya polisi ya kubeba bastola ya pili ilikuwa ikikua upande mwingine kabisa. Machi 1963 maaskari wawili wa Los Angeles walisimamisha gari, wakawekewa bastola na waliokuwemo, wakasalimisha zao, wakapelekwa hadi shamba la vitunguu karibu na Bakersfield. Mmoja aliuawa hapo, mwenzake akatoroka gizani. Joseph Wambaugh, aliyekuwa askari wa jiji hilohilo, aliandika kitabu kizima juu ya kisa hicho. Polisi wa Los Angeles wakatoa agizo kwamba askari asisalimishe silaha yake kwa hali yoyote. Usiku wa Aprili 5 kuamkia 6, 1970, huko Newhall, California, maaskari wanne wa doria ya barabara kuu waliuawa katika muda usiofika dakika 5. Mmoja alipigwa akiwa anapakia rivolva yake kwa mkono, risasi moja moja.

Newhall ilileta vipakizi vya duara vinavyoingiza risasi zote 6 kwa mara moja. New York walikuwa na dawa nyingine. Kikosi cha kuvizia majambazi, kilichoundwa mwaka 1968, kiliwaficha askari nyuma ya mapazia na kaunta za maduka yaliyozoea kuporwa. Jim Cirillo, aliyejulikana kuliko wenzake wote, aliingia lindoni na bastola zaidi ya moja, na si kwa mbwembwe. Kuchomoa rivolva ya pili huchukua muda mfupi kuliko kufungua silinda, kutoa maganda na kupakia upya, hasa mikono inapotetemeka. Askari wengi wa jiji hilo tayari walikuwa na rivolva fupi ya kubeba nje ya zamu. Walichofanya ni kuibeba na kwenye zamu.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Miami, Aprili 11, 1986. Maajenti 8 wa FBI walikabiliana na wanyang'anyi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix, kwenye mtaa wa makazi. Magari yaligongana kabla risasi ya kwanza haijalia. Baadhi ya maajenti walikuwa wameshaweka bastola zao tayari, juu ya kiti au chini ya paja, na mgongano ukazitupa wasikojua. Richard Manauzzi alibaki mikono mitupu. John Hanlon naye alipoteza rivolva yake kubwa ndani ya gari, lakini mguuni alikuwa na Chiefs Special. Akavuka barabara nayo, akapiga hadi risasi 5 zikaisha, na alipokuwa anapakia upya akapigwa mkononi. Alinusurika.

Ukikipima kisa hicho bila ushabiki utaona yote mawili. Rivolva ya akiba ilimwingiza Hanlon katika mapambano ambayo bila hiyo asingekuwa na nafasi ndani yake. Pia iliisha haraka, mbele ya mtu mwenye bunduki ya Ruger Mini-14. Maajenti wawili walikufa, watano wakajeruhiwa. Aliyemaliza pambano ni Edmundo Mireles, mkono mmoja ukiwa umevunjika, kwanza kwa bunduki ya marisawa kisha kwa rivolva kubwa. FBI waliondoka Miami wakitafuta bastola ya magazini yenye risasi nzito, na idara za polisi nchini kote zikafuata mkondo huo.

Kuna ukurasa mwingine ambao wapenzi wa bastola hizi huupitia haraka. Bastola ndogo isiyo kwenye orodha ya idara inaweza kuachwa pembeni mwa maiti ili ionekane ilikuwa ya marehemu. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, polisi wa New Orleans waliwapiga risasi raia wasio na silaha kwenye daraja la Danziger, na kesi ya shirikisho ikathibitisha kwamba mpelelezi mmoja alileta bastola kutoka nyumbani kwake na kuiandika kama kielelezo. Idara zinazodai leo kwamba bastola ya pili isajiliwe na ikaguliwe zina sababu yake.

Tukirudi kwenye kuchagua, hesabu ni ngumu kuliko dukani inavyoelezwa. Rivolva ya gramu 400 ina kifyatulio kinachohitaji nguvu ya kilo 5 hivi kukivuta, zaidi ya mara 10 ya uzito wa bastola yenyewe. Vilengeo viko karibu karibu, hivyo kosa dogo la mkono huwa kubwa kwenye shabaha. Mtutu mfupi huipunguzia risasi kasi, na risasi zilizoundwa zipanuke zikigonga huenda zisipanuke. Kuna mifano ya chini ya gramu 350 inayokubali risasi za .357 Magnum, lakini wengi huipiga mara chache na kuirudisha kabatini, kiganja kikiuma.

Kwa nini basi wajuzi bado huichagua? Kwa sababu bastola ya pili hutumika pale ambapo mambo yameshaharibika, watu wakiwa chini wameshikana. Bastola ya magazini ikisukumwa mwilini mwa mtu, sehemu yake ya juu huweza kurudi nyuma kidogo ikagoma kufyatua. Rivolva yenye nyundo iliyofichwa haijali hilo, hupiga hata ikiwa ndani ya mfuko wa koti, na risasi moja ikigoma, kuvuta tena huleta nyingine. Ubaya ni kwamba hukaa kama tairi la akiba: siku ya pancha ndipo mwenyewe hugundua halina upepo. Wakaguzi wa silaha huzoea kukuta rivolva za mguuni zimejaa vumbi na nyuzi za soksi.

Miaka ya 1980 na 1990 soko liligeuka. Florida ilipopitisha sheria yake ya mwaka 1987 iliyorahisisha vibali vya kubeba bastola kwa siri, na majimbo mengine yakafuata, kilichokuwa akiba ya askari kikawa bastola pekee ya raia. Smith & Wesson wakafufua umbo la Centennial kwa chuma kisichoshika kutu, na kutoka hapo ikazaliwa Model 642. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 ilipoweka ukomo wa risasi 10 kwa magazini mpya, watengenezaji waliona hakuna faida ya bastola kubwa kwa risasi hizo chache. Bastola ndogo ya magazini, Glock 26, ikatoka mwaka 1995, ikichukua risasi 10 mahali pa 5. Wengi walitabiri kifo cha rivolva fupi. Badala yake Ruger waliingia sokoni mwaka 2009 na LCR, ambayo sehemu ya fremu yake ni plastiki, na Colt wakalirudisha jina la Cobra mwaka 2017. Sheria ya mwaka 2004 iliyowaruhusu askari wastaafu kubeba silaha majimbo yote nayo iliongeza wateja wenye nywele za mvi na tabia za zamani. New York, ambako polisi walianza kuhamia bastola za milimita 9 mwaka 1993, waliziondoa rivolva za mwisho za zamu mwaka 2018.

Kampuni yenyewe ilikaribia kuzama kwa sababu nyingine. Machi 2000 Smith & Wesson, wakiwa mali ya kampuni ya Uingereza, walitia saini makubaliano na serikali ya Rais Clinton, yakiwemo masharti ya kufuli za usalama. Wateja waliwasusia, na mwaka uliofuata kampuni ikauzwa. Kufuli iliingia hata hivyo: tundu dogo la ufunguo ubavuni mwa karibu kila rivolva mpya yenye nyundo ya nje, na baadhi ya zile zisizo nayo. Kwa zaidi ya miaka 20 wateja walilalamika kwamba bastola ya dharura haipaswi kuwa na kitu kinachoweza kuizuia isifanye kazi. Mwaka 2024, kwa kushirikiana na msambazaji Lipsey's, kampuni ilitoa toleo jipya la rivolva za Model 442 na 642 lenye kilengeo cha mbele kinachong'aa gizani, mpini unaojaza kiganja vizuri zaidi na kifyatulio kilicholainishwa. Safari hii hakuna kilichopunguzwa isipokuwa kufuli.